Koti la Jumapili

Hong Kong, Jumapili ya pili ya Januari. Huu ni mwaka wa kumi na moja tangu nilipotoka kwetu Iloilo, Ufilipino.

Dada Chona, nakusikiliza redioni kila nikipiga pasi, leo zamu yangu, nisaidie. Mimi ni yaya na mpishi na mfagiaji katika nyumba moja, nalala kwenye ubao juu ya mashine ya kufulia, ikizunguka nami nazunguka, hilo binti yangu Charisse sijamwambia, atasikitika bure. Nilimwacha darasa la pili, sasa yuko chuo cha ualimu, ada inatoka kwenye mikono hii, na nilikuja huku ili yeye asije. Juzi madamu akaniambia mdogo wake amejifungua, anatafuta msichana wa kazi, "Nenita, si una binti? Mlete, mtakuwa karibu," nikacheka tu, nikamsimulia Charisse kwenye simu kama kichekesho, naye hakucheka, akasema anaacha chuo anakuja. Nikamwambia thubutu! Akanijibu, "Mama, acha uchoyo! Wewe kila wiki kwenye picha uko bandarini na koti zuri na kahawa mkononi, mimi nibaki hapa nikifukuza kuku?" Nikasema soma kwanza, akasema, "Usiponichukua wewe, wakala wa kazi za nje atanichukua, anipeleke popote." Hapo ndipo usingizi ulipokatika, maana nawajua waliopelekwa popote. Madamu anataka jibu wiki hii. Nikikubali nimemvunjia masomo, nikikataa nimempoteza. Magoti yananiuma, Dada, akili imegoma. Mkataba wangu unaisha Aprili, natarajia kurudi nyumbani Aprili.

Nenita, Sham Shui Po

*

Nenita mdogo wangu,

Pole. Magoti hayo nayajua, nami nilisugua sakafu za watu kabla ya kupewa kipaza sauti. Lakini wakala tumwache kwanza. Aliyemwita Charisse huku ni wewe. Lile koti ni la nani? La shoga yako, bila shaka. Sote tumelivaa koti la namna hiyo. Mwenye simu ya kupigia picha anapiga kelele, "Sogea, we mama, maboksi yanaonekana! Haya, cheka!" Picha ikishapigwa, koti linarudi kwa mwenyewe, nasi tunarudi kukaa kwenye maboksi yetu tuliyotandika chini ya daraja. Miaka yote hii mtoto ameona Jumapili tu, siku yetu moja ya mapumziko. Ningekuwa yeye, ningeshafunga mizigo.

Madamu mjibu leo: hapana, binti yangu anasoma. Jibu hilo halihitaji wiki nzima.

Charisse usimkataze. Ni mtu mzima, ukimfungia mlango atatokea dirishani, na nje ya dirisha kasimama huyo wakala. Mpigie simu ya video Jumanne, ukiwa na nguo za kazi, poda usipake. Mwoneshe ubao. Panda, ulale, aone miguu inavyokunjwa, na mashine iwe inazunguka. Usilie, usimhubirie, shika simu tu mpaka aulize. Atauliza, nawe mjibu kila kitu, hata yale ya aibu. Akimaliza chuo na bado anataka kuja, aje, atakuwa anajua anakuja kufanya nini.

Na hiyo Aprili. Mkataba uliopita ulipokuwa unaisha ulisema pia kwamba unarudi, au nakosea? Basi kabla hujakata simu mwambie, "Narudi Aprili." Kisha Aprili ikifika, panda ndege kweli.