Kijiko cha Haluli

Mamangu mpenzi,

Leo mwenye duka la chini ya nyumba yetu hapa Kuze ameniuliza kama nataka haluli tena. Nilimgeuzia mgongo bila kumuaga. Ungekuwepo ungenigombeza, maana adabu kwako ilikuwa kitu kikubwa. Lakini jina hilo siliwezi, Mama.

Wakumbuka likizo za shule? Zikikaribia kwisha ulikuwa ukiikoroga haluli, ile chumvi chungu ya kuharisha, kwenye gilasi, kisha wanisaka hadi uvunguni mwa kitanda. "Nwa, mwanangu, usafishe tumbo. Sikuati hata umeze." Nikikaza meno, wanibana pua kwa vidole viwili vyenye harufu ya iliki, mpaka nikose pumzi na kufungua mdomo. Halafu wanitia kipande cha halua. Nilikuwa nakuchukia kwa dakika tano, basi.

Miaka ikapita, hata asubuhi ile ukaanguka jikoni, mahamri yamo karaini. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauna habari nawe. Nami, mtu mzima mwenye kazi yangu ya kupiga chapa ofisini Ganjoni, nikaamini ni upepo mbaya. Nikakukanda mafuta ya habasoda, nikakufukiza ubani, tukalala nawe vivyo hivyo. Hospitali tulifika siku ya pili, adhuhuri.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alisema ni kiharusi, damu imeziba kichwani. Nikamuuliza kama hakuna dawa ya kuukinga ubongo.

"Wenzetu ng'ambo wajaribu magnesiamu," alisema, "kwa sindano, saa za mwanzo. Haijajulikana bado kama yasaidia. Na mamako saa hizo zishampita."

"Ni kitu gani hiyo magnesiamu?"

"Ni chumvi, dada. Hata haluli mnayokunywa majumbani ni namna yake."

Mama, katika maneno yote yale nilishika haluli tu. Sindano sikuisikia. Saa za mwanzo sikutaka kuzisikia, kwa kuwa ni mimi niliyezipoteza. Nilitoka pale nakaribia kucheka: dawa ya mamangu iko dukani chini, na yeye mwenyewe ndiye aliyenifunza kuikoroga!

Uliporudi nyumbani sikumwambia mtu. Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Siku ya tatu ukasema "Zu". Jina langu ni Zuhura, na nusu yake ilitosha kunitia wazimu. Nikaongeza kijiko. Ukaanza kuharisha, nikasema uchafu watoka. Midomo ikakukauka, macho yakazama ndani, nami bado nakoroga. Nilipokurudisha hospitali, daktari akauliza umekula nini. Nikamwambia uji. Nilisema uongo mbele ya kitanda chako, nawe wanitazama, huna ulimi wa kunisuta.

Hukuifikia Ijumaa. Watu wote waliokuja matangani walisema ni kiharusi, na siku zako zilikuwa zimekwisha. Labda. Daktari sijamuuliza, naogopa atanijibu. Naswali, naomba, nauma mto wako nisisikike na majirani. Wa kunipa radhi ni wewe peke yako, na wewe ndiye uliyekwenda. Niende wapi sasa, Mama? Nimwombe nani?

Na liko moja ambalo hata Mungu namtajia kwa kificho. Asubuhi ya mwisho hapa nyumbani ulifunga mdomo. Ulikuwa na nguvu bado za kukaza meno, upande mmoja. Nikakwambia, "Nwa, Mama, sikuati hata umeze," nikakubana pua kwa vidole viwili. Ukameza. Kisha ukanitazama, ukauacha mdomo wazi, ukangoja, kama nilivyokuwa nikingoja mimi.

Halua sikuwa nayo, Mama. Sikuikumbuka hata kidogo.

Nakuaga bila kujua kama wanipokea.

Mwanao,
Zu