Kandambili Zako Bwawani

Tabora, Jumapili

Mama Zaituni wangu,

Hujambo huko Morogoro? Mimi mzima, ila hamu ya kukuona inanimaliza. Leo semina ya vijiji vya ujamaa imepumzika, tukaenda kuogelea kwenye bwawa dogo nje ya mji. Kamba ya vibuyu inaelea kuonyesha kina kinapoanzia, na kila anayeingia majini huacha viatu juu ya tuta. Viatu vikikosa mwenyewe, mlinzi anajua kuna mtu chini.

Kufungua mkoba, nikakuta kandambili zako. Kumbe nilizipakia kimakosa. Nikaziweka kando ya viatu vyangu, nione tu zinavyopendeza pale. Jioni watu wote wakatoka, zako zikabaki. Mzee mlinzi akapuliza filimbi, wanaume wakashikana mikono kumtafuta mwanamke majini! Nikapiga kelele, "Jamani, mwenyewe yuko Morogoro!" Wakacheka wote, isipokuwa mzee. Kazifungia kibandani kwake. "Hapa viatu haondoki navyo ila mwenyewe," kasema. "Mwambie aje."

Basi mbebe Zaituni, mpande treni. Kandambili zako zinakungoja, na aliyezibeba pia.

Mumeo,
Ramadhani