Mwenye Nyumba Alipoulizwa Anakotoka

Mpendwa mshauri Pudensiana, naomba msaada wako kwa heshima, na nisipopanga maneno vizuri unisamehe, maana shule niliishia darasa la saba na jambo hili lina karibu mwaka mzima limenikaa kifuani.

Sisi ni Wameru, Walutheri, tuko upande wa Nduruma, na nyumba yetu ni ya mawe, aliijenga Mzungu mmoja wa Ayalandi, mkulima wa kahawa tuliyemwita Bwana Doili, na baada ya Uhuru alipoona amezeeka akarudi kwao na kumuuzia marehemu baba yetu, mzee Elinami, karani wa chama cha ushirika, tukahamia siku ya mvua tukiwa na magodoro kichwani, na mama alipoona meko imejengwa ukutani katika chumba kilichokuja kuwa cha baba, na bomba lake la moshi akasema kumbe Wazungu nao huota moto kama sisi. Bwana Doili alikuwa Mkatoliki, mlangoni aliacha kibakuli cha jiwe ukutani cha kuwekea maji ya baraka, na baba, kwa kuwa sisi hatuna desturi hiyo, akakifanya mahali pa kibiriti, ili anayerudi giza limeingia apapase, achukue, awashe taa. Aliyechelewa siku zote alikuwa mdogo wetu Ndesanjo, kitinda mimba, na hata leo nikisikia njiti ikikwaruzwa naona kama mama yupo jikoni anakoroga loshoro ya mahindi na maziwa mgando, na baba yuko mbele ya meko anauliza, "Umefika?"

Kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye mwenye nyumba ya baba. Baba alipokaribia kutuacha aliniita mimi, maana nilishafiwa na mume nikarudi nyumbani, akaniambia, "Aika, itunze, Ndesanjo aikute." Ndesanjo yuko Dar es Salaam, anafanya kazi bandarini, na kila Krismasi huja bila kutoa taarifa, maana nani anatoa taarifa akienda kwa baba yake?

Sasa serikali ilipofungua milango ya biashara na watalii wakawa wengi wa kupanda Mlima Meru, nikamwomba mdogo wangu niifanye nyumba ya wageni isikae bure, akacheka akasema, "Gesti isiyo na bia, dada, watalala malaika tu," lakini akakubali, ila hakusema lolote kuhusu chumba cha baba na mimi sikuuliza. Wageni ndicho wanachokipenda, wanakaa mbele ya meko nawasimulia habari za Bwana Doili na mawaridi ya mke wake, wanafurahi sana, nikakitia namba mlangoni, namba moja.

Mkesha wa Krismasi iliyopita nilikuwa kanisani na kwaya tunafanya mazoezi, nyumba imejaa, mapokezi nimemwacha binti wa Moshono anaitwa Nice, mtoto mwenye adabu ila alikuwa mgeni kazini. Ndesanjo akaingia na mkewe Anneth na watoto, akapeleka mkono kwenye kile kibakuli kama alivyozoea, akatoa peremende, maana siku hizi naweka peremende za wageni. Nice akamkaribisha, akamfungulia kitabu, akamwomba aandike jina, kabila, anakotoka na anakokwenda. Nice anasema alitabasamu tu. Penye anakotoka akaandika "humu", penye anakokwenda akaandika "humu humu". Ndipo Nice akatazama funguo, akamwambia samahani kaka, vyumba vimejaa, akamwelekeza gesti nyingine mjini.

Niliporudi nikasoma mwandiko ule, nikautambua. Asubuhi kanisani mchungaji akasoma habari ya wale waliokosa nafasi usiku ule wa Bethlehemu, sikuweza kuinua kichwa. Nilimfuata mjini, akaniamkia shikamoo vizuri, akanipa kiti, akasema, "Dada, sina kinyongo. Mgeni akikuta pamejaa, huenda kwingine." Tangu hapo kimya, hata salamu haleti.

Krismasi inakaribia, na wakala wa watalii, kijana anaitwa Hans, ameshachukua vyumba vyote, na cha baba ndicho cha kwanza, anasema nikikataa mwaka huu nisimtegemee tena. Dada yetu Anyesi anasema nimwandikie Ndesanjo nimwalike rasmi, nimtengee chumba kimoja cha nyuma. Nimeomba sana na sijapata jibu. Nifunge biashara nimkabidhi funguo, au nifanyeje nisife nimeipoteza nyumba ya baba huku nakaa ndani yake?

Aika, Nduruma

MSHAURI ANAJIBU

Pole, dada Aika. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kibiriti kile nimekisikia hadi huku.

Lakini ngoja nikuambie. Unasema kuhusu chumba cha baba hukuuliza. Hukuuliza kwa sababu jibu ulilijua. Wageni umewafundisha habari za Bwana Doili mpaka mawaridi ya mkewe, na binti uliyemweka mlangoni hukumfundisha jina la mwenye nyumba. Nice usimguse, hana kosa.

Biashara usifunge. Baba alisema utunze, na nyumba yenye watu hutunzika. Ila namba moja ing'oe leo, usingoje Krismasi, na chumba kile kisilale mgeni tena hata Ndesanjo asipokuja. Hans mwambie vyumba vimepungua. Akikasirika atapoa, na asipopoa, mlima hauhami.

Halafu usimwandikie mdogo wako. Umeniandikia mimi, inatosha. Panda basi uende Dar, ubebe jani la sale kama wazee wetu walivyofanya walipoomba radhi, umpe mkononi. Najua wewe ni mkubwa wake na ni vigumu. Nenda hivyo hivyo. Dada Anyesi ana nia njema lakini amekosea: usimwalike. Anayealikwa ni mgeni. Mwambie tu kwamba meko itawashwa na mnamngoja.

Na kabla hujasafiri, toa zile peremende kibakulini. Umeme upo, najua. Weka kibiriti.