Kipande cha Mpira kwenye Kopo la Vifungo

Nyuma ya soko, Kashikishi,
Nchelenge, Zambia.
Jumapili, 13 Julai 1975

Mpendwa yaya Evariste,

Salamu nyingi zikufikie huko Dar es Salaam, zikukute umekaa vizuri na umekula. Je, hujambo? Wifi yangu Mwaka hajambo, na ule mgongo wake umepoa? Mtoto ameshaota jino la pili, au bado anawang'ata na lile moja? Sisi huku wazima. Mama ana kikohozi cha baridi ya Julai, lakini anakohoa huku anagombana na bata wa jirani, kwa hiyo usiwe na hofu. Baba hajambo mwilini. Macho yake tu ndiyo yanazidi kufifia, na hayo nitakueleza.

Nimekuita yaya, yaani mkubwa wangu, kama tulivyozoea nyumbani. Najua huko kwenu yaya ni mtu wa kulea watoto wa wenzake, na wifi atacheka akisoma. Mwache acheke. Wewe ulinibeba mgongoni mpaka nikaanza shule, huwezi kukana.

Asubuhi hizi ukungu unalala juu ya ziwa hadi saa tatu, na mitumbwi inayotoka Kilwa, ng'ambo ya ziwa, huoni inaelea juu ya nini, unaona watu wamekaa tu hewani wanapiga makasia. Mimi huweka cherehani mlangoni, mguu kwenye pedali, macho ziwani, na mshono unakwenda unakotaka wenyewe. Wiki ya juzi nilishona mkono wa blauzi ya mtu kwenye shingo. Mama anasema nilizaliwa usingizini na hakuna aliyekumbuka kuniamsha. Labda ni kweli. Hata hili ninalotaka kukuandikia limetokea kwa sababu ya usingizi wangu wa mchana.

Kwanza asante kwa sili, zile pete za mpira za kuzuia oili isivuje. Roger dereva wa lori alizileta salama, zimefungwa ndani ya soksi yako. Nilikuomba mbili za pampu ya oili, kwa vipimo nilivyochora kwenye karatasi ya kukatia nguo, nawe ukatuma tatu bila kuuliza ni za nini. Nadhani ulijua. Nyumbani kwetu kuna pampu moja tu, ya ile pikipiki ya Baba iliyokufa.

Ilianza mvua zilipokatika. Baba alikuwa akilala kidogo baada ya kula bukari, ugali wetu wa mchana, kisha anaamka na kusema pikipiki inakuja kwa njia ya Puta, je, tumefungua geti? Yaya, hatuna geti. Hatujawahi kuwa na geti. Mara ya kwanza tulicheka, mara ya tatu hatukucheka. Nikaanza na mimi kuisikia, nikiwa nakata kitambaa, ule mlio wake mzito unaopanda na kushuka kama mtu anayeimba kwa mdomo uliofungwa. Nikataka aisikie kweli, hata mara moja, wakati bado anaweza kuona mistari ya dhahabu kwenye tangi. Naapa sikuwa na lingine moyoni.

Nikamwita Bwembya, yule anayetengeneza injini za boti hapa bandarini. Tuliwafukuza kuku waliokuwa wakitagia kwenye kiti, tukaitoa pikipiki chini ya paa. Bwembya alimimina mafuta ya taa ndani ya silinda, akaiacha hivyo wiki mbili, na siku ya kumi na tano pistoni ikakubali kusogea. Akasema injini haikufa, ilizimia. Pampu akaniachia mimi, maana ni kazi ndogo ya subira na vidole vyake ni vinene. Akanichorea mafuta yanavyopita, akanikopesha spana mbili, akaenda zake.

Nilipenda kazi ile mno. Pampu inakaa kwenye kiganja kama yai la bata. Ndani yake kuna magurudumu madogo ya meno, mawili yanapeleka oili kwenye injini, mawili yanairudisha kwenye tangi. Niliyaosha kwa mafuta ya taa, nikayapanga juu ya kanga, nikayaangalia mpaka chungu cha maharage kikaungua. Uso wa pampu ulikuwa na mikwaruzo, kwa hiyo nilichukua kioo cha Mama, kile anachotazamia kabla ya kwenda kanisani, nikapaka dawa ya Bwembya ya kusugulia valvu, nikazungusha pampu juu yake polepole hadi ikawa laini pande zote. Kioo cha Mama sasa kinaonyesha watu wote wakiwa na umri wa miaka mia. Hajanisamehe.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Miaka minane hatujalitaja hapa nyumbani, acha nilitaje leo.

Mwaka ule wa 1967 ulichukua pikipiki ya Baba kwenda Puta kuangalia samaki wa kununua, kwa ruhusa yake, na injini ikakwama njiani. Uliisukuma siku tatu. Ulipofika, miguu imevimba, Baba alikuambia mbele ya watu wa soko kwamba uliiendesha bila oili. Ulisema oili ilikuwepo, uliitazama mwenyewe. Akakuita mwongo, akasema mkono unaoua injini hautagusa tena kitu chake. Ukapanda malori ya mafuta ukaenda Dar es Salaam, na mpaka leo hatujakuona.

Nilipofungua pampu, pale mahali pa sili, penye tundu la kupitisha oili kwenda kwenye injini, hapakuwa na sili. Palikuwa na kipande cha tyubu ya tairi, kimekatwa mviringo kwa mkono. Kilikuwa kimevimba kikaziba tundu lote. Bwembya aliniambia mpira wa tyubu hunywa oili. Sikumwamini, maana huku kwetu tyubu inafunga kila kitu, nyavu, makasia, ndoo, hata viatu. Basi sili zako zilipofika nikaweka ile ya akiba ndani ya kikombe cha oili, na kando yake kipande cha tyubu. Baada ya siku tisa sili ilikuwa ileile. Tyubu ilikuwa imelegea na kunenepa kama mkate uliosahauliwa ndani ya chai.

Oili ilikuwepo, yaya. Haikuwa na pa kupita.

Na nilijua nani alikata kile kipande. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nilikuwa nimekaa ngazini kando ya Baba akikikata, juma lile lile kabla hujaenda Puta, maana sili ya zamani ilikuwa imechakaa na hakukuwa na duka la kupata nyingine. Nilikuwa nimesahau kabisa, na nilipokiona mkononi nikakumbuka hata wembe.

Niliogopa. Mtu ambaye macho yanamwacha, utamnyang'anya na ile imani yake kwamba hakukosea? Upande mwingine ukawa wewe, na zile siku tatu za kusukuma. Nilikaa na jambo hilo nikazidi kuharibu nguo za watu. Nikakificha kile kipande mahali salama, nikajiambia nitaamua Jumapili.

Sasa sikiliza usingizi wangu ulivyofanya kazi. Tangu macho yamfifie, Baba hukaa nami na kunichagulia vifungo kwa vidole, vya matundu mawili huku, vya manne kule, hakosei hata kimoja. Mahali salama nilipochagua mimi, binti yake mwenye akili, palikuwa ndani ya kopo la vifungo.

Jumatatu saa nne nikasikia vifungo vimenyamaza. Nikainua uso. Alikuwa na kile kipande kati ya kidole gumba na cha shahada, anakizungusha taratibu. Unakumbuka alivyokuwa akiweka alama ndogo ya wembe ukingoni, ili ajue upande upi ni wa juu? Kidole chake kilifika kwenye ile alama kikasimama. Akaniuliza nimekitoa wapi. Nikamwambia, ndani ya pampu. Akaomba sili mpya, akaishika mkono wa pili, akapima moja na nyingine kwa muda mrefu. Mama alikuwa akitandaza chisense, dagaa wetu wa ziwani, juani, akaacha.

Kisha Baba akasema, kwa ile njo yetu ya nyumbani mnayoiita ndiye huko kwenu, "Mutoto aliniambia oili iko. Ni mie njo nilikata hii mupira."

Nililia, yaya. Yeye hakulia siku hiyo. Alitaka apewe pampu. Sili zile alizitia yeye, kwa kupapasa, na ile moja niliyokuwa nimeshaitia mimi nilikuwa nimeigeuza mdomo wake nje badala ya kuelekea oili, akaihisi kwa ncha ya kidole, akaitoa akaiweka sawa. Mimi nilikaza skrubu tu.

Alhamisi Bwembya akaja kuiwasha. Alipiga teke mara saba bila kitu. Mara ya nane ikakohoa kuliko Mama, ikatoa moshi mweupe uliofunika uwanja mzima, na watu wa soko wakakimbia kuja kuona kinachoungua. Halafu ikatulia kwenye mlio wake. Nilisimama pale kwenye moshi na sikujua kama ni mwaka huu au ni zamani, na kama nikigeuka nitakuona wewe ukiwa na ile kofia yako.

Bwembya akafungua kifuniko cha tangi la oili tuone kama pampu inafanya kazi. Baba akaomba mkono wake uongozwe, akaweka kidole chini ya kile kibomba kidogo kinachorudisha oili. Ilianza kudondoka, kisha ikaja mfululizo, baridi kwanza, halafu ya joto. Akasema, "Inarudi." Hapo ndipo alipolia, kidole bado kipo pale, na hakukiondoa mpaka oili ikawa ya moto.

Bwembya alitaka kuipanda hadi barabarani na kurudi. Baba akakataa. Akasema mbele ya watu wote waliokuwepo, na wengine walikuwepo hata siku ile ulipoitwa mwongo: "Ule aliisukuma toka Puta, njo ataipanda wa kwanza."

Kwa hiyo ipo chini ya paa, imefunikwa kwa shuka yangu nzuri, na kuku wamehamia kwenye cherehani. Kila asubuhi Baba anaiwasha dakika chache, anaisikiliza, anaizima. Akiinama karibu sana bado anaiona ile mistari ya dhahabu. Hadi lini, sijui. Wanasema reli ya kutoka huko Dar es Salaam imeshafika Kapiri Mposhi. Kama haijaanza kubeba watu, panda lori ulilopanda ukienda. Njoo kabla ya Krismasi, yaya, nakuomba.

Ndani ya bahasha utakuta kitu kimefungwa kwa kitambaa cha bluu. Ni kile kipande cha mpira. Baba ndiye aliyetaka uletewe. Anasema alikuhukumu mbele ya watu bila kufungua pampu, anakuomba msamaha, na hataki uusikie tu kwenye karatasi, anataka ukishike mkononi mwako. Ukishamaliza kukishika, ukitupe utakapo.

Mama anakusalimu, anasema wifi amletee kioo. Bwembya na Roger wanakusalimu. Nisalimie sana Mwaka, na umbusu mtoto kwa niaba ya shangazi yake mwenye usingizi. Mungu awafunike ninyi nyote, na barabara iwe kavu mbele yako.

Ni mimi mdogo wako, niliye nawe moyoni kila siku,

Angèle

Baba amesisitiza aandike jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Hakuuona mstari, ndiyo maana limepanda juu ya langu. Nimeliacha hivyo.