Mkalimani wa Kimya

3 Machi

Mwanangu,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kile kifua chako kimetulia. Mimi sijambo, ni magoti tu ndiyo yananisumbua.

Huku habari ni moja. Wale tisa waliokataa kuvunja mawe ya barabara ya wakubwa bado wamefungwa, na mwalimu wako wa zamani yumo. Basi tumekubaliana mji mzima: mbele ya mtawala na askari wake hakuna kutoa sauti mpaka watolewe. Hatutupi jiwe, hatuvunji kitu. Sisi madobi wa bomani tunafua, tunapiga pasi, tunapeleka mashati yamekunjwa vizuri. Sauti tu ndiyo hawapati. Shangazi yako Cherehani, ambaye hata usingizini anaongea, leo siku ya tisa! Akifika getini anauma leso, maskini, machozi yanamtoka.

Ni mimi mama yako.

15 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kifua kimepona. Shangazi kunyamaza siku tisa? Nimecheka mpaka karani mwenzangu akauliza kama nimepata barua ya mchumba.

Lakini naogopa, mama. Hii kazi ya ukalimani naijua. Mahakamani sisemi, "Huyu anasema ameiba." Nasema, "Mimi nimeiba," kama alivyosema mwenyewe. Mwezi huu peke yake nimeiba mbuzi mara nne na kumfukuza mke ambaye sina. Wamezoea hivyo: mtu aseme, waandike, wamfunge au wamwachie. Asiposema hawajui wamfanye nini, na hapo ndipo wanapokuwa wabaya. Jitunze.

Mwanao.

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi umepona. Mimi naendelea, ila usingizi umepungua.

Kuna jambo limeanza ambalo hatukulipanga. Kimya chenyewe kimetuzidi. Watoto wachanga migongoni mwa mama zao wananyamaza wenyewe tukifika getini. Mbwa wa boma hawabweki tena, wanatutazama tu. Jana mchana tulikuwa wanawake arobaini uani, pasi zinakwenda na kurudi, na hata pasi hazikusikika. Mara mtawala akatoka mbio, sabuni ya kunyolea bado iko shavuni. "Nani ameniita?" akauliza kwa lugha yetu, ile anayoitafuna. Akapita kwa kila mmoja wetu, akitega sikio karibu na mdomo.

Hakuna aliyemwita, naapa. Lakini alipofika kwangu nilihisi kama kuna mtu nyuma yangu anataka kusema. Nikageuka. Ukuta. Mwili wote ulinisisimka, mwanangu, na mpaka sasa siupi ukuta ule mgongo.

Mama yako.

20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Usishangae barua haina stempu. Wamenihamishia huku bomani. Niko chumba cha pili kutoka ofisi ya mtawala, hatua mia mbili kutoka kwako, na siruhusiwi kutoka getini. Mpishi ndiye atakayekuletea hii.

Jana uliniletea mashati. Nilikuamkia. Ukayaweka kitandani, ukanitazama, ukaondoka. Mama, hata mimi? Niliumia sana.

Mtawala hali chakula. Mnapopiga pasi ananiweka dirishani na daftari, niandike mnachosema. Namwambia hawasemi kitu. Ananiambia, "Sikiliza vizuri."

Sasa nisikilize wewe. Jumatatu mnafikishwa mahakamani wote arobaini kwa kosa la kumdharau mtawala, wewe wa kwanza. Atakayeomba msamaha atarudi nyumbani. Asiyeomba ni gereza la mbali, na kwa magoti yale wewe hurudi. Mle ndani hakuna anayezijua vizuri lugha zote mbili ila mimi. Kohoa tu. Chezesha midomo. Nitasema, "Mimi naomba msamaha," na hakimu ataandika. Nakuomba, mama, sina mwingine.

Mwanao.

22 Aprili

Mwanangu,

Afya yangu unaiona mwenyewe dirishani. Barua hii nimeikunja ndani ya shati la pili.

Siku ile uliponiamkia ulikuwa na kofia yao kichwani. Marahaba yako ilinikwama hapa kooni, na bado ipo, inanichoma.

Sitakohoa. Ukisema "mimi naomba msamaha", huyo mimi ni nani? Hakimu ataniachia, na wenzangu thelathini na tisa watajua nimewauza. Kazi yako ni kusema ninachosema. Basi ifanye. Usipunguze, usiongeze.

Mama yako.

30 Mei

Mwanangu,

Hujambo huko gerezani? Unakula? Kifua je?

Najua ulikuwepo, lakini acha nikuambie tulivyoona sisi. Hakimu aliuliza, ukanitafsiria: je, nakiri? Nikanyamaza. Akakugeukia asikie jibu langu. Ukavua kofia, ukaiweka mezani, ukanyamaza vilevile nilivyonyamaza mimi, kichwa umekilaza upande kama changu. Akakuuliza mara tatu. Ndipo mtawala akaziba masikio na kupiga kelele, "Amesema! Mmesikia, amesema!" Shangazi yako alinishika mkono.

Bila mkalimani sheria yao haiwaruhusu kumhukumu mtu, tukarudishwa nyumbani sote. Ukabaki wewe. Niandikie chochote.

Mama yako.

28 Juni

Mama,

Shikamoo. Kifua kizuri, nakula.

Mtawala hakuwa kichaa. Watu arobaini wakinyamaza chumba kimoja kuna kitu kinasemwa. Nilikisikia siku ile, na humu ndani bado nakisikia. Ni kirefu, mama. Na mkalimani hamkatizi anayesema, anangoja amalize. Nangoja. Usihofu.

Mwanao.

11 Novemba

Mwanangu,

Najua u mzima, kwa sababu nasikia unavyogeuka kitandani. Ukuta huu ni mwembamba. Kichekesho kumwandikia mtu aliye chumba cha pili, lakini barua unazisoma. Nikiongea, unainamisha kichwa kana kwamba nimemkatiza mtu.

Imetimia mwaka na nusu tangu siku ile ya mahakama. Wale tisa walitoka, mwalimu anafundisha. Mtawala ameondoka, bendera yao imeshushwa, watu wameimba barabarani siku tatu mpaka sauti zikawakauka. Shangazi yako analipiza siku zote alizonyamaza, mtaa mzima hatupumui. Hata mbwa wanabweka. Ni wewe tu. Miezi mitano tangu wakuachie, hata "naam" sijaisikia.

Tumemaliza kusema, mwanangu. Naapa tumemaliza. Mimi ndiye niliyekuambia usipunguze, usiongeze, na mimi ndiye nakuambia sasa imetosha.

Marahaba yako ninayo bado, tangu siku ile ya mashati. Naipitisha barua hii chini ya mlango, halafu nitapiga hodi. Nitasimama hapa hapa, na magoti yangu unayajua. Niamkie tu.

Ni mimi mama yako.