Dawa Iliyoteleza Viganjani

Dada Anyesi mpendwa,

Nakusalimu toka kwenye baridi ya Mbeya. Shusha pumzi, dada: si ukoma! Mganga wa hospitali alinidunga pini kwenye mabaka ya viganja, nikapiga kelele mpaka wagonjwa wakacheka. "Mwenye ukoma halii hivyo," akasema. "Ni maua ya pareto unayochuma, yanakuunguza."

Akauliza kwa nini dawa ya kwanza, ile ya maji niliyopewa zahanati, haikunisaidia. Nikamwambia naanza na mafuta ya nyonyo uliyonichemshia, ndipo napaka dawa. Akanidondoshea dawa ile ya maji juu ya mafuta; ikateleza kama mvua kwenye jani la gimbi! "Hata bila mafuta," akasema, "kiganja kina ngozi nene. Dawa ya maji hukauka juu kabla ya kuingia. Usoni ingepenya upesi."

Sasa naloweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu, napaka dawa iliyochanganywa na mafuta mazito, nafunga kitambaa. Ngozi inalainika, dawa inazama. Jana nilimenya viazi mwenyewe, nikavila vya moto na chumvi.

Nyonyo usiimwage, nitapaka nywele.

Kule nyumbani Kalenga nilikuwa nakupa kifundo cha mkono tukisalimiana, nikisingizia nina unga. Ulijua naogopa kukuambukiza, ukanichemshia nyonyo. Nikishuka kwenye basi nipe kiganja chako, dada. Nitakishika mpaka unifukuze.

Mdogo wako,
Veronika