Pascal Yangu, C ya Wilson

Jumatatu, 4 Machi 1996
Mvua tangu asubuhi. Dukani Msasani, hii ya kwetu si ya Dar, hakuna aliyekuja kuchapiwa barua, basi mimi na Mrisho mwenye duka tumeshinda kwenye mfumo wetu. Zile kompyuta kuukuu alizonunua mnadani haziwezi Windows, kwa hiyo tunaziandikia mfumo wa kizamani: kioo cheusi, maandishi tu, wote unaingia kwenye flopi moja. Nauandika kwa Pascal, lugha ya kompyuta ninayoijua. Leo, kwenye moja ya hizo kuukuu, umefungua faili lake la kwanza! Mrisho kaniita fundi mkuu. Nimerudi nyumbani Ibighi nimelowa chapachapa, wala sikuhisi.

Jumatano, 6 Machi
Kaja Wilson. Alisoma na Mrisho sekondari, sasa yuko chuo Dar, likizo. Ana kompaila ya C, programu ya kugeuza lugha hiyo iwe maagizo ya mashine. Katazama kazi yangu, kasema Pascal ni ya kufundishia, mifumo huandikwa kwa C. Kasema kwa upole — bora angenitukana.
Mrisho kadakia, "Kumbe! Mbona hukuniambia, Tulia?"
Kompaila ya C ningeitoa wapi, sokoni kwenye ndizi?

Jumamosi, 9 Machi
Mrisho na Wilson wanauandika upya mfumo kwa C. Vichwa vimegusana. Mimi nachapa barua za wateja. Wakicheka, nakosea herufi. Mrisho kanunua chapati mbili. Ya pili ilikuwaga yangu.

Jumatatu, 11 Machi
Walipotoka kula nimechungulia kazi ya Wilson, natafuta kosa. Hakuna. Fupi, safi, inakimbia kuliko yangu. Ingekuwa mbovu ningelala vizuri.

Alhamisi, 14 Machi
Kesho mkuu wa shule moja ya Masukulu anakuja. Akiridhika, anachukua kompyuta zote. Kwenye kioo cha kwanza, mfumo ukiwaka, wameandika: "Umetengenezwa na Mrisho na Wilson." Nimeuliza, na mimi je?
"Aa, Tulia, wewe si wa nyumbani?"
Wa nyumbani!

Ijumaa, 15 Machi
Mfumo wao umegoma! Siku zote walikuwa wanaujaribu kwenye kompyuta mpya ya dukani. Leo kwenye zile kuukuu — kimya. Wilson mwenyewe kagundua: kompaila yake inatoa maagizo ya mashine mpya, za zamani hazielewi. Inayofaa imebaki Dar. Na mkuu wa shule keshafika, anapewa chai.
Mrisho jasho linamtoka. "Dada Tulia, ile flopi ya Pascal bado unayo?"
Dada, leo.
Nimesema ngoja nikatafute nyumbani. Hakuna cha kutafuta. Nimeikuta palepale nilipoiweka, nikakaa kitandani.

Wilson kanifuata. Yuko sebuleni, kamwamkia mama kwa Kinyakyusa. Mama kafurahi, anamvutia kiti. Hata mama!
Anaita, "Dada Tulia, umeipata?"
Mama ndiye kajibu: huyo hatafuti kitu, tangu arudi amekaa tu anaandika.
Wilson kakaa kwenye kiti, anangoja. Flopi iko mapajani mwangu.